Karatasi ya Matokeo Isifichwe: Njia ya Chuo Kikuu kwa Aliyeanguka Mtihani



Ndugu zetu wasomaji, kila mwaka UNEB inapotangaza matokeo, nyumba zetu hapa Kasese na Bwera hugawanyika makundi mawili. Kuna nyumba ambazo redio hufunguliwa kwa sauti, jirani huitwa na chai hupikwa. Na kuna nyumba ambazo mlango hurudishwa nusu, simu huzimwa, na mtoto hujifunika shuka mchana kweupe. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya nyumba za kundi la pili. Tunazijua vizuri, kwa sababu baadhi yake ni zetu wenyewe.

Katika nyumba hizo karatasi ya matokeo huwekwa chini ya godoro, au ndani ya sanduku la mama, chini ya nguo. Ijumaa, baba akiulizwa msikitini kijana wake amepata ngapi, anajibu, "Alhamdulillah, tunasubiri mambo ya Kampala." Wiki inapita, mwezi unapita, na mambo ya Kampala hayaji. Kijana anapewa bodaboda ya mjomba wake, au anaanza kuvusha mizigo ya watu pale Mpondwe. Binti naye anaanza kuletewa wageni wa posa ambao mwaka uliotangulia wangeambiwa kwamba bado anasoma. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba masomo yamekwisha. Yamekwisha kwa kunyamaza tu.

Rai yetu ni hii: katika nchi yetu, kuanguka mtihani mara moja hakumzuii mtoto kufika chuo kikuu. Kinachomzuia ni kuificha karatasi. Tunaomba mtuvumilie tuieleze, maana wazazi wengi hawajawahi kuelezwa.

NGAZI ZILIZOPO

Wengi wetu tunaijua njia moja tu: mtoto anamaliza S4, anaingia S5, anafanya mtihani wa S6, anapata principal mbili au tatu, anakwenda chuo kikuu. Ikikatika popote, tunadhani safari imekwisha. Lakini Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, inatambua milango zaidi ya huo mmoja. Upo mlango wa mwenye diploma. Upo mlango wa mtu mzima aliyekaa kazini, ambaye hufanya mtihani maalumu wa kuingilia. Na vipo vyuo vyenye kozi ya mwaka mmoja ya cheti cha elimu ya juu, kwa ajili ya aliyekaribia kutimiza masharti lakini hakuyafikia.

Tuchukue mfano wa kijana aliyetoka S6 na principal moja na subsidiary mbili. Nyumbani wanasema ameanguka, na ni kweli kwamba kwa mlango wa kwanza hakufika. Lakini principal moja na subsidiary mbili alizozipata katika mtihani mmoja ndicho kiwango cha kuingilia diploma. Atasoma diploma miaka 2, kisha digrii miaka 3 au 4. Mwenzake aliyefaulu moja kwa moja amemtangulia kwa miaka 2 tu, na huyu wa nyuma ana diploma mkononi ambayo anaweza kuifanyia kazi hata ada ya digrii ikichelewa.

Sasa tuchukue aliyekomea S4. Akianza na cheti cha ufundi au cha biashara cha miaka 2, kisha diploma miaka 2, kisha digrii miaka 3, inakuwa miaka 7. Aliyepitia S5 na S6 angetumia miaka 5 kwa digrii hiyo hiyo. Tofauti ni miaka 2 tena! Je, ni wazazi wangapi kati yetu waliomhukumu mtoto kifungo cha maisha kwa sababu ya miaka 2?

Vyuo vyenyewe si vya mbali sana. Chuo cha ufundi cha Kichwamba kipo upande wa Fort Portal. Shule ya uuguzi na ukunga ya Kagando ipo ndani ya wilaya yetu wenyewe. Fort Portal kuna Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kilichoanza mwaka 2005 kwa juhudi za watu wa eneo hili na baadaye kikawa cha serikali. Na chuo kikuu chetu cha Kiislamu, IUIU, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kina pia kampasi Kampala, Arua, na ile ya wasichana peke yao pale Kabojja. Kutoka chini ya Rwenzori mpaka Mbale chini ya mlima Elgon ni kuivuka nchi nzima, lakini vijana wa kwetu wameivuka na wamerudi na digrii zao.

KARATASI YA ZAMANI HAIFI

Hapa ndipo penye mtego ambao umewakamata wengi. Mzazi anadhani mtoto akishapata diploma nzuri, ile karatasi mbaya ya S4 imezikwa. Haijazikwa. Vyuo vikuu vingi, hata vinapompokea mwenye diploma, huomba pia matokeo yake ya S4, na kwa kawaida hutaka awe amefaulu masomo yasiyopungua matano. Kijana anafika na diploma yake safi, anaulizwa karatasi ya S4, na hapo anagundua kwamba miaka 4 iliyopita alipaswa kurudia masomo mawili tu, akiwa bado kijana na vitabu bado viko kichwani.

Tunamjua mmoja wa hapa kwetu yaliyemfika hayo. Hakuwa mjinga, na chuoni alikuwa katika wanafunzi wa mbele. Lakini siku ya matokeo ya S4 karatasi ilifungiwa sandukuni, na hakuna mwalimu aliyeoneshwa. Angeoneshwa mwalimu yeyote, angesema kwa dakika tano, "Huyu amefaulu matano isipokuwa mawili, arudie haya mawili huku akisoma cheti." Dakika hizo tano hazikupatikana kwa sababu ya aibu, na gharama yake ikawa miaka.

Kurudia nako si jambo la kujiandikisha mwezi mmoja kabla. Tangu mtihani wa S4 wa mwaka 2024, ambao ndio wa kwanza kwa mtaala mpya, hakuna tena mambo ya division. Kila somo lina herufi yake kuanzia A hadi E, na kazi anazofanya mwanafunzi darasani nazo zinahesabiwa. Kwa hiyo anayetaka kurudia aende shuleni mapema aulize, siyo asubiri tangazo la redio. Na aliyefanya mtihani wa zamani asidhani karatasi yake imepitwa na wakati. Itasomwa kwa utaratibu wa mwaka wake.

Mtego wa pili ni kuchagua diploma kwa kufuata rafiki. Chuo kikuu huangalia kama diploma inahusiana na digrii inayoombwa, na mara nyingi hutaka iwe ya daraja la kwanza au la pili. Diploma ya umeme haimpeleki mtu kwenye uuguzi. Anayeanza diploma ajiulize siku ya kwanza: naelekea wapi baada ya hii? Vyuo vingine humwingiza mwenye diploma mwaka wa pili wa digrii, vingine humwanzisha mwaka wa kwanza. Aulize kabla ya kulipa, na jibu alipate kwa maandishi.

Mtego wa tatu ni kozi isiyo na ithibati. Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka ilipoonekana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, muda wake wa ithibati ulikuwa umepita na zilikuwa zinangoja kukaguliwa upya. NCHE ina orodha ya vyuo na kozi inazozitambua. Kwa vyuo vya ufundi, bodi ya UBTEB iliyoanza mwaka 2011 ndiyo iliyotoa vyeti kwa zaidi ya miaka 10, mpaka sheria ya ufundi ya mwaka 2025 ilipoleta bodi moja ya UVTAB. Mzazi asione haya kuuliza: mtihani wenu unasimamiwa na nani? Chuo cha kweli kitajibu bila kukasirika.

UONGO MDOGO HUZAA MKUBWA

Ndugu zetu, tuseme na lile ambalo watu husema kwa kunong'ona. Karatasi ikishafichwa, siku moja itahitajika, na hapo ndipo anapotokea mtu wa kusema, "Mimi nina njia, nipeni pesa nitawatengenezea nyingine." Tumesikia familia zilizouza mbuzi, na nyingine kipande cha shamba la kahawa, kununua karatasi ya uongo. Kijana anaingia chuoni, anasoma mwaka mmoja au miwili, kisha chuo kinapeleka majina UNEB kuhakikishwa. Jina halilingani na namba. Anaondolewa, na anaweza kushtakiwa pia. Pesa imepotea, miaka imepotea, na jina limepotea.

Na hata asipokamatwa, sisi Waislamu tunajua kwamba hesabu haikwishii kwa UNEB. Mshahara utakaolisha watoto wake umejengwa juu ya nini? Mtume wetu (S.A.W.) alijulikana kwa jina la Al-Amin kabla hata hajapewa utume. Hatuwezi kumfundisha mtoto sira hiyo madrasa asubuhi, kisha jioni tukakaa naye kupanga karatasi ya kughushi.

Tumkumbuke pia Nabii Yusuf (A.S.). Mfalme alipotuma mtu kumtoa gerezani, hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza lile jambo lililompeleka humo liulizwe na ukweli ujulikane. Yeye hakuwa na kosa, na watoto wetu huenda walikuwa na makosa yao, lakini somo ni lile lile: atakaye kusimama mahali pa juu asiogope faili lake kufunguliwa. Aliyepata principal moja, akasoma diploma, akafaulu, faili lake ni zuri. Linasema huyu mtu aliinuka.

SI WOTE WALIOKUWA WAVIVU

Wapo watakaosema tunawatetea wazembe. Wazembe wapo, hatukatai. Kijana aliyekuwa akitoroka darasa kwenda kuangalia mpira aambiwe ukweli wake, kwa sababu bila kubadilika ataanguka chuoni pia. Lakini tusimpime kila mtoto wa Kasese kwa kipimo hicho.

Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Katika miezi hiyo mtoto wa mjini mwenye intaneti alisoma, na mtoto wa mlimani alichuma kahawa. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika ukabeba nyumba, na hospitali ya Kilembe ikaharibika. Na kabla ya hapo, na baada yake, kuna vita. Juni 1998 waasi wa ADF walichoma mabweni ya chuo cha Kichwamba na kuua wanafunzi wapatao 80. Juni 2023 waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa kwetu Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Waliofanya hayo hujitia jina la dini yetu, na sisi tunasema waziwazi mbele ya Allah na mbele ya majirani zetu kwamba hatuna ushirika nao. Aliyeua watoto waliolala si mtetezi wa Uislamu.

Mtoto aliyekaa mtihani miezi michache baada ya kumzika mwenzake wa dawati, tunataka karatasi yake iseme nini? Karatasi hueleza alama, haielezi sababu. Ndiyo maana mzazi asiisome peke yake chumbani kwa hasira. Aisome na mtoto wake, na amsikilize.

ELIMU NA HISTORIA YETU

Jambo hili linatugusa sisi Waislamu wa Uganda kwa namna ya pekee. Shule nyingi za mwanzo katika nchi hii zilikuwa za wamisionari, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wasije wakabadilishwa dini. Woga wao ulikuwa na sababu, lakini tumelipa gharama yake kwa vizazi. Uamuzi wa kujenga chuo kikuu cha Kiislamu Uganda ulifikiwa katika mkutano wa nchi za Kiislamu pale Lahore mwaka 1974, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1988. Miaka 14 ya kungoja! Jamii iliyongoja miaka 14 ipate chuo haipaswi kumkatia tamaa mtoto anayehitaji miaka 2 zaidi kukifikia.

Wapo pia wanaosema, "Digrii za nini? Mpondwe kuna biashara, na wenye digrii wanakaa bila kazi." Kuna ukweli ndani ya maneno haya. Biashara ya halali ni heshima, na fundi mwenye diploma anayeridhika na kazi yake hana haja ya kumwomba mtu radhi. Hatusemi kila mtoto lazima avae joho. Tunasema achague mwenyewe huku macho yake yako wazi. Kijana anayefanya biashara kwa sababu anaipenda si sawa na kijana aliyesukumwa huko ili wageni wasiulize maswali. Na binti anayeolewa kwa ridhaa yake si sawa na binti anayeozwa ili karatasi isahauliwe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tunapendekeza kila msikiti wetu, Kasese mjini, Bwera, Mpondwe, Hima na Katwe, uchague mwalimu mmoja mwaminifu, na mwalimu wa kike kwa ajili ya mabinti na mama zao. Katika wiki mbili baada ya matokeo, mzazi aende kwake na karatasi, kwa faragha, aelezwe mambo matatu: mtoto amefikia kiwango gani, arudie nini, na njia ipi imebaki wazi. Haihitaji jengo wala mfadhili. Inahitaji mtu anayejua kusoma karatasi na anayejua kufunga mdomo.

Pili, tunachanga kwa harusi na tunachanga kwa maziko, na ni vizuri. Tuchange pia ada ya kurudia masomo mawili. Ni pesa ndogo kuliko sherehe moja, na inaweza kumfungulia mtu miaka 40 ya kazi. Upo pia mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambao umekuwa ukikopesha hata wa diploma katika baadhi ya kozi. Anayetaka kuomba asome masharti yake yote, na awaulize mashekhe kuhusu suala la riba kabla ya kutia sahihi.

Tatu, wanafunzi wetu mlioko vyuoni, zitunzeni karatasi zenu zote kwenye bahasha moja, nzuri na mbaya. Someni tangu muhula wa kwanza kana kwamba chuo kikuu kinawaangalia, kwa sababu alama za diploma ndizo zitakazowasemea. Na mkishavuka, rudini msikitini mseme, "Mimi niliwahi kuanguka." Maneno hayo yakitoka kwa mwenye digrii yatamtoa kitandani mtoto aliyejifunika shuka, kuliko hotuba zetu sote.

Nne, wazazi, hasa akina baba. Siku ya matokeo mabaya mtoto wako anatazama uso wako kabla ya kutazama kitu kingine. Kasirika ukipenda, lakini kesho yake mwite, mkae, karatasi iwe mezani. Watoto wetu wanahifadhi Suratul Inshirah wakiwa wadogo kabisa. Siku hiyo ndiyo siku ya kuwaonesha kwamba na sisi tunaiamini.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafungulie watoto wetu, awarehemu waliotutoka wakiwa wanafunzi, na atupe sisi wazazi subira na ukweli.

Wabillahi tawfiq.